Tupeni sampuli, maabara tutazijenga wenyewe: barua ya wazi kuhusu maabara huru za mifugo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo na Msajili wa Baraza la Veterinari. Kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Kwa wakurugenzi wa halmashauri. Na kwa wakuu wa mikopo katika mabenki.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia tukiwa wanawake tuliosomea veterinari na teknolojia ya maabara. Baadhi yetu tunaendesha maabara binafsi za mifugo, wengine tuko mbioni kuzifungua. Ombi letu kubwa ni moja: elekezeni sampuli zinazolipiwa kwenye maabara binafsi zilizosajiliwa. Mashine tutazitafuta, vyumba tutavipanga, watumishi tutawaajiri. Kinachoua maabara ya mifugo ya mtu binafsi hapa nchini ni benchi kukaa bila kazi, na hilo liko mikononi mwenu kuliko lilivyo mikononi mwetu.

Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 35, mbali na mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku. TVLA ina maabara kuu Temeke na vituo katika kanda, na kazi yake ni ya taifa zima: kufuatilia magonjwa ya mlipuko, kuthibitisha majibu, kutengeneza chanjo. Mama mwenye ng'ombe wawili wa maziwa Rungwe, au kijana mwenye kuku 500 wa mayai Kibaha, hawezi kupeleka kila homa na kila kifo kwenye kituo cha kanda. Anakwenda duka la dawa za mifugo, kwa sababu ndilo lililo karibu.

Chukueni homa moja tu. Ng'ombe amefika nyuzi joto 41, ameacha kula, tezi zimevimba, anahema kwa shida. Inaweza kuwa ndigana kali, ambayo dawa yake ni buparvakwoni, na ukichelewa mapafu hujaa maji na dawa haimwokoi tena. Inaweza kuwa ndigana baridi, inayokubali oksitetrasaiklini au imidokabu. Inaweza kuwa ugonjwa wa kukojoa damu, au nagana, ambayo yote mawili hutibiwa kwa diminazini. Mfugaji akianza na oksitetrasaiklini kwa sababu ni ya bei nafuu na ndiyo iliyoko rafuni, ndigana kali inaendelea kula siku. Mara nyingi mnyama wa namna hiyo hudungwa dawa mbili au tatu, maziwa yake yanauzwa kabla dawa haijaisha mwilini, na akifa hakuna anayejua ameuawa na nini. Tanzania ilikuwa na Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa wa 2017 hadi 2022, na sasa una mrithi wake wa 2023 hadi 2028. Mpango huo hauwezi kutekelezeka zizini ikiwa sindano inatangulia kipimo.

Slaidi mbili zinatosha kuondoa sehemu kubwa ya ubishi huo ndani ya saa moja na nusu: moja ya damu na moja ya majimaji ya tezi. Slaidi hukaushwa kwa hewa, huimarishwa kwa methanoli dakika tano, hutiwa rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa nusu saa, huoshwa, kisha husomwa kwa lenzi ya mafuta inayokuza mara 100. Msomaji lazima ajue jambo ambalo mwenye hadubini ya chini ya kaunta huwa halijui. Ng'ombe aliyepona ndigana anaweza kubeba vimelea ndani ya chembe nyekundu kwa muda mrefu akiwa mzima kabisa. Vimelea hivyo peke yake havithibitishi ugonjwa. Kinachothibitisha ndigana kali ni skizonti, yaani kimelea kikiwa katika hatua ya kuzaliana, ndani ya chembe nyeupe za tezi, ndiyo maana slaidi ya damu bila slaidi ya tezi inaweza kumfanya mfugaji anunue dawa ghali kwa ajili ya mnyama anayeumwa kitu kingine.

Hapa ndipo tunapodai uhuru wa maabara. Maabara tunayoizungumzia haiuzi dawa wala chanjo, na mwenye nayo hana hisa katika duka linalouza. Mtu akipima na kuuza hapo hapo, jibu la «hakuna vimelea» linamnyima mauzo ya siku hiyo. Hatusemi kila mwenye duka ni mdanganyifu. Tunasema msiruhusu kipato cha mtu kitegemee jibu lake kuwa chanya. Tunaomba leseni ya maabara huru itenganishwe na leseni ya duka, na fomu ya majibu iwe na jina, sahihi na namba ya usajili wa mtaalamu aliyesoma, ili akikosea ajulikane.

Sasa tuseme kuhusu benchi lililokaa bila kazi. Giemsa iliyochanganywa hutumika siku hiyo hiyo, kesho yake inamwagwa. Kopo moja la kutia rangi hubeba slaidi 10 na hula mililita 5 za Giemsa mama (isiyochanganywa) na mililita 45 za bafa, yaani maji ya kuichanganyia. Chupa ya mililita 500 basi inatosha slaidi 1,000 ikiwa kopo linajaa kila mara. Ikiwa inaletwa slaidi moja kwa siku, chupa hiyo hiyo inaishia kwenye slaidi 100. Gharama ya rangi imezidi mara kumi na bei kwa mfugaji haiwezi kupanda mara kumi. Antijeni ya kipimo cha ugonjwa wa kutupa mimba (brusela) kwa njia ya Rose Bengal hutumia maikrolita 30 kwa sampuli, kwa hiyo chupa ya mililita 10 ni vipimo 330 hivi. Lakini kila siku unapoifungua lazima upime pia seramu mbili za kudhibiti, moja chanya na moja hasi. Ukipokea sampuli moja, umetumia tatu.

Kwenye ELISA, kipimo cha kingamwili kinachofanyika kwenye sahani ya vishimo, hesabu ni mbaya zaidi. Sahani ina vishimo 96, na kwa vifurushi vingi vishimo vinne vya kwanza ni vya udhibiti. Ukiwa na sampuli 92 udhibiti hauonekani kwenye bei. Ukiwa na sampuli 8, theluthi ya kila kilichotumika ni udhibiti. Hapo unabaki na mambo mawili, yote mabaya: umsubirishe mfugaji wiki tatu mpaka sahani ijae, au upime leo kwa hasara. Na vitendanishi vina tarehe ya kuisha muda. Maabara nyingi changa hazifungwi kwa kuharibika mashine. Zinafungwa siku ambayo kabati la friji limejaa vifurushi vilivyopita muda bila kufunguliwa.

Kwa hiyo tunapoomba sampuli tunaomba kitu kinachohesabika. Halmashauri zinazofanya upimaji wa ng'ombe wa maziwa zitoe mkataba kwa maabara binafsi iliyo karibu kwa vipimo vya ngazi ya chini, na zile chanya zipelekwe TVLA kuthibitishwa. Vituo vya kukusanyia maziwa vidaiwe kipimo cha pete cha maziwa, kinachotafuta brusela, kwa utaratibu unaojulikana, mathalani kila robo mwaka, chini ya usimamizi wa Bodi ya Maziwa. Mashamba ya kuku wazazi yanayouza vifaranga yadaiwe cheti cha vipimo vya salmonela kabla ya kuuza. Madume yanayokodishwa kijijini yapimwe. Mkifanya haya kwa mkataba wa mwaka mmoja hata wa kiasi kidogo, mwenye maabara ataweza kuagiza vitendanishi kwa ratiba na kushusha bei kwa mfugaji mdogo anayekuja mmoja mmoja.

Mkataba huo ulipwe ndani ya siku 30. Vitendanishi tunanunua kwa fedha taslimu, na baadhi tunalipa kabla havijapanda ndege. Ankara inayokaa miezi sita mezani ni mkopo usio na riba ambao maabara ndogo inaikopesha serikali, na maabara ndogo haina uwezo huo. Sheria ya ununuzi wa umma tayari inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, na usajili unafanyika kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa kielektroniki. Lakini zabuni ya upimaji wa mifugo ikifungwa ndani ya zabuni moja kubwa pamoja na magari, chanjo na dawa za kuogeshea, mwanamke mwenye maabara ya vyumba vitatu hawezi kuigusa. Igaweni. Upimaji uwe na kifungu chake.

Tunaomba mtazame pia njia ambayo sampuli inapita kabla ya kutufikia, kwani majibu mengi mabovu hutengenezwa huko. Damu ya kupima kingamwili huchukuliwa kwenye tyubu kavu ya kifuniko chekundu, huachwa imelala kwa mteremko kivulini saa moja au mbili mpaka igande, ndipo seramu inapotenganishwa. Afisa akiichukua saa mbili asubuhi na kuipakia papo hapo kwenye bodaboda kwa barabara ya vumbi, inatikisika kabla ya kuganda, chembe nyekundu zinapasuka na seramu inafika nyekundu kama juisi ya rozela. Kwenye kigae cheupe cha Rose Bengal, ambacho kwa dakika nne tunaangalia kama chembe za waridi zinashikamana, seramu ya namna hiyo haisomeki vizuri. Tyubu iliyoachwa juani kwenye dashibodi inaharibika zaidi. Damu ya kutafuta vimelea inahitaji tyubu ya kifuniko cha zambarau yenye dawa ya kuzuia kuganda. Ikikaa humo hadi kesho yake vimelea hubadilika umbo, na vile vya nagana hufa, hivyo ni bora slaidi itengenezwe zizini. Slaidi iliyoachwa wazi hulambwa na inzi, na iliyofungwa ikiwa bado na unyevunyevu huota ukungu.

Kuku nao wana taabu yao. Mfugaji hungoja wafe kumi, ndipo alete mmoja aliyekufa jana usiku. Katika joto la Dar es Salaam au Tanga, bakteria wa utumbo husambaa mwilini ndani ya saa chache, na ukiotesha ini la kuku huyo utapata E. koli hata kama kilichomuua ni mdondo. Tunahitaji kuku watatu hadi watano, wagonjwa walio hai au waliokufa muda mfupi uliopita, wasiogandishwa, wakiambatana na maelezo ya umri, chanjo zilizotolewa na tarehe zake, chakula, na idadi ya vifo kwa siku. Karatasi hiyo ina thamani sawa na kuku wenyewe. Kinyesi cha mbuzi kilichookotwa chini kikiwa kikavu hakifai. Kitolewe kwenye njia ya haja na kifike baridi, la sivyo mayai ya minyoo yatakuwa yameshaanguliwa. Na hapa kuna kosa linalofanywa hata na waliosoma. Kwenye maji ya chumvi iliyokolea mayai ya minyoo ya duara huelea, na kwa gramu 3 za kinyesi ndani ya mililita 42, ukihesabu vyumba viwili vya slaidi ya McMaster (ya kuhesabia mayai) unazidisha kwa 50 kupata mayai kwa kila gramu. Mayai ya minyoo bapa ya ini ni mazito, hayaelei. Lazima yatafutwe kwa kutuamisha kwenye maji ya kawaida. Mfugaji wa bonde lenye maji akipewa jibu la «hakuna minyoo» kutokana na chumvi peke yake, amepewa jibu la uongo na aliyempa hakujua.

Mambo haya yanarekebishika bila fedha nyingi. Maafisa mifugo wa kata wapewe kisanduku kimoja kimoja chenye boksi la baridi, barafu za pakiti, tyubu za aina mbili, slaidi, kisanduku cha slaidi, methanoli kwenye chupa ndogo, kalamu isiyofutika na fomu. Sisi tuko tayari kuwafundisha kwa siku moja kila kata, na kujaza visanduku upya kila sampuli zinapoletwa. Tunachowaomba ni kanuni ya usafirishaji. Leo sampuli ya mnyama inapanda basi kama kifurushi chochote, imefungwa kwenye mfuko wa rambo, na kondakta hajui amebeba nini. Ufungaji wa tabaka tatu unajulikana duniani kote: chombo kisichovuja, kitu cha kufyonza kinachotosha maji yote yaliyomo, chombo cha pili kisichovuja, kisha boksi gumu lenye anwani na lebo. Wizara, LATRA inayosimamia usafiri wa ardhini, na Shirika la Posta wakikubaliana juu ya lebo moja na nauli moja inayojulikana, sampuli ya jioni Korogwe itakuwa mezani Tanga asubuhi.

Kuhusu usajili, Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003 imelipa Baraza jukumu la kusimamia taaluma na vituo vya huduma. Tunaomba ndani ya sheria hiyo maabara zipangwe kwa ngazi, na masharti yafuate hatari ya kinachopimwa. Ngazi ya kwanza iwe ya hadubini: slaidi za damu na tezi, kinyesi, kipimo cha ugonjwa wa kiwele kwa maziwa na dawa kiasi sawa kwa kila chuchu, Rose Bengal. Vyumba vitatu vinatosha: mapokezi, chumba chafu, chumba safi, vyote viwe na sakafu inayooshwa, sinki la mikono tofauti na la vyombo, na sentrifuji (mashine ya kuzungusha tyubu) isikae meza moja na hadubini kwa sababu ya mtikisiko. Ngazi ya pili iwe ya kuotesha bakteria, kupima dawa ipi inaua, ELISA na vipimo vya kinga ya mdondo. Ngazi ya tatu iwe ya PCR, yaani vipimo vya vinasaba. Kumtaka anayeanza na hadubini awe na kabati la usalama wa kibayolojia la daraja la pili ni kumwambia asianze. Kumruhusu anayeotesha bakteria afanye hivyo bila kabati hilo na bila otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ni hatari kwa mtaa mzima.

Kuna kazi ambazo tunaomba mtukataze kabisa, kwa maandishi. Kuotesha bakteria wa brusela kusifanyike katika maabara ndogo yoyote. Ni miongoni mwa vimelea vinavyowaambukiza wafanyakazi wa maabara mara nyingi zaidi duniani, kwa sababu huruka hewani sahani ikifunguliwa. Mzoga unaoshukiwa kimeta usipasuliwe. Ichukuliwe damu kidogo ya mshipa wa sikio kwa slaidi, mzoga uachwe mzima, na taarifa itoke siku hiyo. Kichwa cha mbwa anayeshukiwa kichaa kiende moja kwa moja serikalini.

Kwa wanawake jambo hili lina uzito wa pekee, na hatujawahi kuliona likiandikwa kwenye mwongozo wowote wa ukaguzi tulioshika. Kondo la nyuma na kijusi cha mbuzi au kondoo aliyetupa mimba vinaweza kubeba bakteria wa klamidia na koksiela, na wote wawili wanaweza kuharibu mimba ya mtu anayevishika. Brusela nayo inaweza kumtupisha mama mimba. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotupiga 2006 hadi 2007, huambukiza kwa damu na viungo vya mnyama. Maabara inayoajiri wasichana wa miaka 25 inahitaji kanuni iliyo wazi: sampuli za kutupa mimba zipokelewe kwa siku na chumba maalumu, mjamzito apangiwe kinyesi, maziwa yaliyochemshwa kwa mafunzo, usajili au usomaji wa slaidi zilizokwisha kuimarishwa kwa methanoli, na asipunguziwe mshahara kwa kuhamishwa benchi. Kanuni hiyo ikiwa ya Baraza, mwajiri yeyote ataifuata. Ikiachwa kwa huruma ya mwenye maabara, msichana ataficha mimba mpaka mwezi wa tano ili asipoteze kazi, na miezi hiyo yote atakuwa hatarini.

Kwa mabenki tuna maneno machache. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini hati nyingi za nyumba bado zina jina la baba, mume au kaka, na dhamana mnayoitaka ni hiyo hati. Hadubini, otoklevu, inkubeta na kisomaji cha ELISA ni mali zenye namba, zinazouzika tena. Nchi ina sheria ya ukodishaji wa vifaa kupitia taasisi za fedha tangu 2008. Tumieni njia hiyo, kifaa kibaki chenu mpaka deni liishe. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ina mfuko wa kudhamini mikopo ya wakulima wadogo. Tunaomba maabara inayowahudumia wafugaji hao ihesabiwe humo, kwa kuwa haina mteja mwingine. Muda wa kuanza kulipa uwe miezi tisa au kumi na miwili, maana mwaka wa kwanza wa maabara ni wa kufundisha wafugaji kuleta sampuli. Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake hutolewa kwa vikundi, na kwa ushonaji au kilimo cha mboga utaratibu huo unafaa. Maabara inasimama juu ya leseni ya mtaalamu mmoja anayewajibika kitaaluma. Ruhusuni kikundi chenye mtaalamu mmoja aliyesajiliwa na wanachama wanaofanya mapokezi, usafirishaji na hesabu kiombe kama kikundi cha maabara, bila kulazimisha wote wawe wataalamu.

Katika mpango wa biashara mtakaoletewa, tafadhali kagueni mistari ambayo waombaji wengi husahau, maana ndiyo inayoangusha. Kwanza umeme. Visahani vya dawa vya kupima usugu hukaa nyuzi 20 chini ya sifuri, na vile vya jamii ya penisilini hupoteza nguvu friji ikizima na kuwaka. Maabara itasoma «bakteria sugu» kumbe ni kisahani kilichokufa, na mfugaji atapelekwa kwenye dawa kali bila sababu. Betri na kibadilishaji umeme cha kubeba friji na inkubeta usiku mzima si anasa. Otoklevu inaweza kusubiri umeme urudi. Pili, agari ya Mueller-Hinton, chakula ambacho bakteria huoteshwa juu yake, lazima iwe na kina cha milimita 4. Sahani ya milimita 90 hula mililita 25, kwa hiyo lita moja hutoa sahani 40. Anayebana matumizi akamimina nusu yake ataona miduara ambamo bakteria hawakuota kuzunguka kisahani ikiwa mikubwa kuliko ukweli, na dawa isiyofaa itaonekana inafaa. Tatu, bakteria wa kudhibiti ubora, aina ya E. koli ATCC 25922 na stafilokoki ATCC 25923, lazima wapimwe kila chupa mpya inapofunguliwa na angalau kila wiki. Mpango usio na bajeti ya vitu hivyo utatoa karatasi zenye muhuri, wala si majibu.

Forodha na vibali vya vitendanishi tunavitaja kwa ufupi, kwa kuwa wengi wamekwisha kulisemea. Kifurushi kinachotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 kikikaa siku nne kwenye ghala la uwanja wa ndege kikisubiri ofisi ya tatu isaini, kimekufa hata kama boksi linaonekana zima. Tunaomba dirisha moja, friji moja ghalani, na saa 48.

Kwa TVLA tunaomba ushirika, na tunadhani utawapunguzia mzigo. Mara mbili kwa mwaka tugawieni seti ya sampuli ambazo majibu yake mnayajua ninyi tu: slaidi kumi, seramu kumi, aina mbili za bakteria. Tupime, tulete majibu, mtupe alama. Tuko tayari kulipia. Atakayeshindwa apewe miezi mitatu ya kujirekebisha na arudie. Akishindwa tena, asimamishwe kipimo hicho tu, asifungiwe maabara yote. Uzoefu huo ndio utakaoziwezesha baadhi ya maabara kufikia ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara) kupitia SADCAS, shirika la ithibati la nchi za SADC, jambo ambalo kwa maabara changa ni ghali mno kama hatua ya kwanza.

Halafu kuna suala la kutoa taarifa. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya 2003 inataka magonjwa fulani yaripotiwe, nasi tunakubaliana nayo kikamilifu. Lakini fikirieni hali ya maabara binafsi: mfugaji amelipa, jibu linaonyesha huenda ni homa ya mapafu ya ng'ombe, tunaripoti, kijiji kinafungwa minada, na mfugaji anatangaza kwamba anayepeleka sampuli kwetu anafungiwa ng'ombe. Mwezi unaofuata hakuna anayekuja, na ugonjwa unaofuata utapita bila kuonekana. Tunaomba mambo matatu yaende pamoja. Kipimo cha kuthibitisha kisilipiwe na mfugaji wala maabara. Jibu la TVLA lirudi kwetu pia, kwa sababu mara nyingi sampuli ikienda haina marudio na hatujui kama tulisoma sawa. Na tangazo la karantini litoke kwa daktari wa mifugo wa wilaya bila kutaja maabara wala zizi lililoleta sampuli ya kwanza.

Mkitaka kuanza bila kungoja bajeti mpya, chagueni wilaya tatu zenye ng'ombe wengi wa maziwa au kuku wengi, kila moja iwe na maabara moja ya ngazi ya kwanza inayomilikiwa na mwanamke mwenye usajili. Wapeni mkataba wa miezi 12 wa Rose Bengal kwa ng'ombe wa maziwa wa wilaya hiyo, visanduku vya sampuli kwa maafisa wa kata, na seti mbili za TVLA. Kila mwezi tutawaletea idadi ya sampuli zilizopokelewa, zilizokataliwa na kwa nini, muda kutoka zizini hadi jibu, na matumizi ya vitendanishi kwa kila kipimo. Fomu ya kukusanyia takwimu hizo, orodha ya vifaa vya ngazi ya kwanza na mtaala wa siku moja wa maafisa wa kata tumeshaviandaa, na tutavileta Dodoma siku mtakayotuita.

Wenu katika kazi,

Madaktari wa mifugo na wataalamu wa maabara za mifugo, wanawake, Tanzania